Mkono wa Kaka Tanimu

Nilikuwa nakaanga bajia za kunde mbele ya nyumba, wateja wa asubuhi wamenizunguka na vibakuli vyao, simu ikaita. Alikuwa wifi yangu Kande, akipiga kutoka hospitali. Hakunipa hata salamu.

"Asabe, kaka yako ametutoka. Alfajiri hii, muadhini akiadhini."

Nikasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Nikaziopoa zile zilizokuwa mafutani, kwa sababu mafuta yalikuwa yanatokota na watoto wamesogea karibu, nikavuta kuni nje ya mafiga. Mteja wangu mmoja, mama wa mtaa wa pili anayekula bajia zangu tangu niachike nikarudi nyumbani, alikuwa ameshasikia. Akanishika bega, akanipa pole, akamwombea kaka yangu kwa Mungu. Kisha, kabla sijafuta hata mikono:

"Na ule mkono wake, mlishaufungua?"

Nilichomjibu sitakiandika. Namwomba Mungu anisamehe, na yeye anisamehe pia.

Hilo ndilo swali nililoulizwa kwa miaka yote ya ugonjwa wa Tanimu. Hawakuniuliza analala vipi, wala anakula nini, wala kama bado anawatambua watoto wake. Waliuliza mkono. Hapa Malumfashi, kaskazini mwa Nigeria, kila mtu ana habari za mkono wa Tanimu, hata waliozaliwa juzi. Sasa nataka kueleza habari zake mimi, angalau mara moja, bila mtu wa kunikatiza.

Sisi ni ukoo wa wachinjaji. Baba alichinja, babu alichinja, na Tanimu alianza kushika miguu ya mbuzi machinjioni kabla hajaota meno ya ukubwani. Na mtoto wa mchinjaji hupigana dambe. Mavuno yakiisha, mtama na mawele yakishaingia ghalani, vijana wa machinjioni hupita kijiji hadi kijiji na wapiga ngoma wao. Mkono mmoja hufungwa kitambaa ukakazwa kwa kamba mpaka ngumi iwe kama nyundo. Huo ndio mkuki. Wa pili huachwa wazi, huo ni ngao. Atakayegusa mchanga ameshindwa.

Kabla ya pigano la kwanza, mkono wa mkuki huchanjwa chale ndogondogo kuanzia kiwiko mpaka kifundo, zikasuguliwa dawa. Tanimu alichanjwa na Mzee Bawa, mkuu wa wachinjaji, ambaye enzi zake naye alikuwa mpiganaji akiogopwa mpaka Funtua. Dawa ile, wanasema, hukaa mkononi. Mpiganaji akistaafu lazima aliyeitia aitoe, la sivyo itamgeukia mwenyewe.

Kaka yangu hakuwa mwepesi wa miguu. Sifa yake ilikuwa kusimama. Ngumi ilimpata shavuni, sikioni, kisogoni, naye akatikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi, akacheka, akasogea mbele. Wakamwita Jiwe. Mpiga ngoma wake, Jatau, alimtungia mdundo wa peke yake, na ukipigwa ule, uwanja mzima ulijua nani anaingia. Hakuwahi kugusa mchanga. Siku nyingine alirudi nyumbani uso umefura, akakaa mbele ya sahani yake akauliza, "Chakula changu kiko wapi?" Tulicheka. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Na alikuwa mcheshi kweli. Baba alipotaka kuniozesha nikiwa kidato cha pili, Tanimu ndiye aliyenikingia kifua. "Mwache amalize, baba," alisema. "Mmoja wetu akijua kusoma, serikali haitatudanganya. Sisi tutamlipa kwa maini." Nikamaliza sekondari. Na kweli, kila Ijumaa aliniletea maini yaliyofungwa kwenye jani, hata nilipokuwa kwa mume, hata mume aliponuna.

Alipoacha kupigana akamwoa Kande, akafungua banda la nyama sokoni. Miaka mingi ilipita salama. Mzee Bawa alimwita mara kadhaa aje aoshwe mkono, naye akawa anacheka tu: "Baba, huu mkono bado nauhitaji kukatia mifupa."

Siwezi kusema ni siku gani ilianza. Kwanza kichwa kiliuma, akawa anajifunga kitambaa cha Kande. Kisha hasira. Huyu mtu aliyepigwa ngumi akicheka, sasa alirusha jiwe la mizani kwa sababu mteja ameuliza kama nyama ni ya leo. Jiwe likapita karibu na sikio la mwenye banda la vitunguu. Jioni alilia kama mtoto, akaenda kuomba radhi. Kesho yake hakukumbuka alichoomba radhi. Alimuuzia mtu nyama, akamwita arudi, akampa tena, kisha akamwita mwizi. Aliweka utumbo ndani ya mtungi wa maji ya kunywa. Alimshutumu Kande kwamba anamfichia visu, na visu viko kiunoni mwake.

Mji mzima ukasema: dawa ya mkono imemgeukia.

Nami nasema kweli, kama kuna kitu kilichonichosha duniani kuliko ugonjwa wenyewe, ni tiba za mkono ule. Mzee Bawa alikuja na chungu, akauosha. Haikusaidia. Akaja mganga mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, akataka kondoo dume mweupe, kondoo akaliwa na mganga, mkono ukafukizwa moshi mpaka Tanimu akakohoa damu kidogo. Haikusaidia. Mwingine akasema chale za zamani zifunguliwe upya. Zikafunguliwa, zikaoza, mkono ukavimba kama mguu. Kabla ya hapo mkono ule ulikuwa mzima kabisa! Ulikuwa kiungo kizima kuliko vyote mwilini mwake. Nikawa namkamua kaka yangu usaha asubuhi na jioni, na watu wanakuja kuangalia wanatikisa vichwa: "Mnaona? Si tulisema ni mkono?"

Naamini Qur'ani ni ponyo. Nilimsomea kila baada ya alasiri, naye alitulia akiisikia. Lakini nilipomwomba Imamu wetu, Maalimu Iro, ushauri, hakuniambia habari ya mkono. Alisema, "Mtume alituamrisha tutafute dawa. Mpeleke kwa madaktari, dada Asabe. Lakini usiwaambie wachinjaji kwamba ni mimi niliyesema." Maalimu Iro ni kijana mwema, tatizo lake moja ni kuwaogopa wachinjaji.

Nikampeleka Zaria. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, amechoka. Alimpima mkono kwa sababu ulikuwa na kidonda, akautia dawa, kisha akauacha. Akamwambia atembee mstari mnyoofu. Akamwambia ataje miezi. Akaniuliza, "Alipokuwa akipigana, alipigwa kichwani mara ngapi?"

Kabla sijajibu, Tanimu mwenyewe akajibu kwa fahari, "Mimi sikuanguka hata mara moja."

"Ndiyo maana nauliza," daktari alisema. "Aliyeanguka, pigano lake limeisha, amekwenda nyumbani kulala. Wewe ulisimama, ukaendelea kupigwa."

Akanigeukia mimi akanieleza kwa mfano wa kina mama wa Kifulani wanaouza maziwa. Kibuyu cha maziwa ya mgando ukikitikisa kila siku, alisema, kibuyu hakipasuki. Ukikitazama kwa nje ni kizima. Lakini maziwa ya ndani hayarudi kuwa yalivyokuwa. Ubongo ni laini namna hiyo, na kila ngumi huutikisa ndani ya fuvu, hata ile isiyomwangusha mtu, hata ile anayoicheka. Madhara yanaweza kukaa miaka na miaka kabla ya kuonekana. Kisha huja hasira, huzuni, usahaulifu, mikono kutetemeka, mwisho hata kumeza kunakuwa kazi. Hakuna dawa ya kurudisha kilichoharibika. Alale vizuri, asipigwe tena, asikasirishwe, chakula kiwe laini, asiachwe peke yake karibu na visu wala barabara.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata tamaa, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kuwaambia. Ebo! Nilidhani watanisikiliza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Bawa, nikapiga goti, nikamsalimu, nikamweleza kibuyu na maziwa.

"Binti yangu," alisema, "Tanimu hakuwahi kugusa mchanga. Kichwa chake kitaumwa na nini? Kawaulize walioanguka, hao ndio waliopigwa."

"Baba, daktari anasema waliosimama ndio waliopigwa zaidi."

"Huyo daktari amewahi kupigana?"

"Hapana, baba."

"Basi." Akanisimulia pigano moja la Tanimu kule Bakori, jinsi alivyopigwa ngumi ya shingo, watu wote wakainuka wakidhani kwisha, naye akabaki wima. Alipomaliza akaanza kunisimulia pigano lilelile tangu mwanzo. Nilidhani ananikomoa. Nikasikiliza tena mpaka mwisho, meno nimeuma, nikaaga.

Nyumbani nilipiga marufuku visu, tukauza banda, tukamwekea mkeka chini ya mkwaju wa uani. Lakini watu hawakuacha. Siku moja Jatau alipita na ngoma yake akitoka harusini, akaona mlango uko wazi, akaupiga mdundo wa Jiwe. Kwa mapenzi tu, anasema. Kaka yangu, ambaye asubuhi ile alikuwa ameshindwa kufunga kamba ya suruali, aliinuka. Akamvua Kande kilemba kichwani, akakizungusha mkononi barabara kabisa, akakaza kwa meno, akasimama mguu mmoja mbele. Watu wakajaa mlangoni wakishangilia.

"Mnaona mkono huo!" mmoja alipiga kelele. "Unakumbuka wenyewe!"

Nilitoka na upawa wa mafuta.

"Jatau! Mwana wa nani usiye na haya! Ngoma hiyo nitaikaangia bajia!"

"Asabe dada yangu, polepole, mimi namfurahisha rafiki yangu."

"Kamfurahishe mama yako!"

"Mama yangu kesha kufa, bibi we, na wewe ndiye uliyekula wali wa matanga yake sahani mbili."

Watu wakacheka, hata Kande aliye kichwa wazi akacheka, na mimi nikamfukuza Jatau mpaka kwenye kona. Niliporudi Tanimu alikuwa bado amesimama na mkono umefungwa, anamsubiri mpinzani. Alisubiri hadi magharibi. Alinitazama akasema, "Mama wa bajia, yule mtu anakuja au haji?" Ndivyo alivyoniita siku hizo. Jina langu lilikuwa limeshakwenda. Nikamwambia haji, ameogopa. Akaketi.

Mwaka wake wa mwisho alisahau njia ya chooni, akasahau Kande ni nani, lakini Fatiha aliisoma yote bila kukosea, na hilo namshukuru Mungu. Kumeza kukawa kugumu kama daktari alivyosema. Uji ukampitia njia ya hewa, kifua kikajaa, homa ikapanda, tukamrudisha hospitali. Hakurudi akiwa hai. Watoto wake wote walikuwa Lagos na Kano kutafuta riziki, na kumngoja yeyote kungechelewesha maziko.

Sasa turudi siku ile. Mwili ulifika nyumbani kabla ya adhuhuri kwa gari la jirani. Nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: kaka yangu aoshwe na azikwe kama Mwislamu mwingine yeyote, mkono ule usiguswe tena. Ulikuwa umeshachanjwa, umefukizwa, umeozeshwa. Nilitaka uachwe.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa mlangoni, mwili umelazwa ndani yake nyuma ya pazia. Sisi wanawake tulikuwa uani, tukichungulia penye pazia la mlango. Maalimu Iro alikuwa amekuja na sanda na karafuu maiti. Kabla hajaanza kuosha, Mzee Bawa akaingia, ameshikwa mkono na mdogo wake Lawali, nyuma yao wachinjaji. Lawali alikuwa amebeba chungu. Mzee alikuwa na wembe.

"Tuufungue kwanza," Mzee Bawa alisema. "Mimi niliyetia ndiye wa kutoa. Haendi nao kaburini."

Maalimu Iro alikohoa. "Baba, maiti hachanjwi. Heshima yake ni kama ya aliye hai."

"Simchanji. Namalizia kazi yangu."

"Baba, kwa kweli dini..."

"Wewe umekuja juzi kutoka Funtua," mchinjaji mmoja akamwambia. "Wakati Jiwe anapigana wewe ulikuwa unanyonya." Maalimu akaanza kuikunja upya sanda.

Nikasogea mpaka mlango wa uani, nikalifunua pazia. Wanawake wakanishika nguo, nikajinasua mikononi mwao.

"Baba Bawa," nilisema, "uzee wako nauheshimu, lakini mkono huo hapana. Mmeutibu miaka yote hii, na mgonjwa alikuwa kichwa. Mlitibu kitu kizima mkaacha kibovu. Leo amekufa, bado mnautaka mkono? Mnataka nini kwake?"

"Asabe, rudi ndani," Lawali alisema kwa sauti ya chini.

"Sirudi."

"Huyu naye na daktari wake," mchinjaji yule akasema. "Jiwe hakuwahi kuanguka! Kichwa gani?"

"Ndiyo, hakuanguka!" nilisema. "Mlimshangilia kwa hilo, na hilo ndilo lililomuua. Nani humu ndani anamkumbuka aliyeanguka sana? Habu mwuza ngozi. Aliangushwa na kila mtu, akaacha mapema. Yuko pale nje, anakumbuka hata madeni ya baba zenu!"

Mtu mmoja akacheka kwa bahati mbaya, akajifanya kukohoa. Mzee Bawa alinyanyua mkono. Akatazama huku na huku ukumbini, uso wake ukiwa na hasira ya mtu aliyecheleweshewa jambo muhimu.

"Maneno mengi ya nini?" alisema. "Mwiteni mwenyewe aje aseme. Tanimu yuko wapi? Watu wote tumekuja mazikoni, mbona yeye hajaja?"

Wembe ulikuwa mkononi mwake, na mwili wa Tanimu uko hatua moja kutoka miguuni mwake.

"Kaka," Lawali alisema.

"Nauliza Tanimu yuko wapi. Yule kijana tangu aanze kusimama uwanjani hana adabu. Na kwani aliyekufa ni nani?"

Lawali aliuchukua ule wembe taratibu, akampa mtu wa nyuma yake bila kutazama. Alimketisha mzee kwenye mkeka. Niliona uso wa Lawali, na nikajua kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Kwamba nyumbani kwao walikuwa wanalificha, na pengine walikuwa wameshaanza kuuosha mkono wa Mzee Bawa pia. Hasira yangu yote niliyokuja nayo ikakosa pa kukaa. Nilikuwa na maneno mengine mengi tayari. Niliyameza.

"Daktari huyo," Lawali aliniuliza, bila kunitazama, "bado yuko Zaria?"

"Yuko."

"Utatupeleka?"

"Nitawapeleka."

Akavuta pumzi, akamgeukia Imamu. "Maalimu, osha maiti. Chungu hiki mtu akakimwage."

Maalimu Iro akapandisha mikono ya kanzu. Jatau alikuwa mlangoni. Alikuja bila ngoma. Aliomba awe mmiminaji wa maji, akaruhusiwa. Walianza na upande wa kulia wa Tanimu, kama inavyotakiwa, mkono ule ukaoshwa kama viungo vingine, wakaumaliza, wakaendelea kwenye mguu.

Alipokwisha kuvikwa sanda, walituita mimi na Kande tumwone uso. Ulikuwa umetulia. Niliweka kiganja changu juu ya kichwa chake, juu ya sanda, nikamwombea. Kande alisoma Fatiha. Kisha Maalimu akafunga.

Wanaume wakamwinua. Walimswalia kwenye kiwanja cha mbele ya msikiti, nasi tukasikia takbira kutoka mlangoni. Mzee Bawa aliswali pia, Lawali amemshika kiwiko. Makaburini sikwenda, wanawake hatuendi, lakini Jatau aliniletea habari nilipomuuliza. Kaburi lilikuwa tayari, udongo mkavu. Alilazwa ubavu wa kulia, uso kibla, mkono ule chini yake. Wakaweka vigogo na nyasi, wakafukia kwa mikono, wakaomba dua, wakarudi kunawa.